Jina la Kiswahili, Fomu ya Kiingereza

Serikali yetu ina mkono mzuri wa kutoa majina. Tulifunguliwa vituo vya Huduma kuanzia mwaka 2013; wazee wakapata Inua Jamii; kitambulisho kipya kikaja na Maisha Namba. Mnamo Juni 30, 2023 huduma zaidi ya 5,000 zilipotangazwa kuwa zimeingizwa katika mtandao wa eCitizen, wito uliotumiwa ulikuwa Gava Mkononi, ili hata lugha ya vijana isiachwe nje. Mwananchi akishalisoma jina hilo mlangoni na kuingia ndani, hata hivyo, fomu nyingi anazokutana nazo humsemesha kwa Kiingereza.

Hivi majuzi nilikuwa katika duka moja la intaneti, haya tuyaitayo saiba, nikisubiri kuchapishiwa karatasi za mtihani. Kando yangu aliketi mama mmoja wa makamo aliyekuja kumwombea bintiye cheti cha kuzaliwa, kwani shule ilikuwa imekidai kabla ya kumsajili mtoto kwa mtihani. Ofisini alikoanzia hakufukuzwa wala kutukanwa. Aliambiwa tu kwamba siku hizi maombi ni ya mtandaoni, akaonyeshwa mlango.

Kijana wa saiba akaanza kuuliza. "Mama, nambari ya kitambulisho? Na nambari ya siri?" Mama akazitaja kwa sauti, nasi sote foleni nzima tukazisikia. Fomu ilitaka jina la mama kabla ya kuolewa, kijana, kwa haraka zake, akauliza, "Jina lako la mwisho?" Mama akataja la mumewe. Nilipomweleza kijana tofauti hiyo, alirekebisha bila kinyongo. Lakini si kila foleni ina mwalimu wa isimu, na kosa kama lile huja kugunduliwa cheti kikiwa kimekwisha kutolewa, na marekebisho yana ada na safari zake.

Mwishoni palikuwa na kisanduku cha kukubali masharti. Kijana alikitia alama bila kumtazama mwenye ombi.

Na tusimdhanie mama huyu kuwa asiyejua kusoma. Muda wote alipokuwa akingoja zamu alikuwa akisoma na kujibu ujumbe wa Kiswahili katika simu yake. Angeweza kuijaza fomu ile mwenyewe, nyumbani kwake, laiti ingaliandikwa kwa lugha ambayo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaja kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi sawa na Kiingereza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo inataka ridhaa ya mtu iwe ya hiari na yenye ufahamu. Je, mama yule aliridhia nini?

Hudaiwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Dai hili lilipitwa na wakati zamani. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na mkulima asiyejua Kiingereza huchagua Kiswahili, akatuma fedha, akaangalia salio, akabadilisha nambari yake ya siri bila mkalimani. Jirani zetu wa Tanzania nao huwahudumia raia kwa Kiswahili katika tovuti nyingi za serikali, na hatujasikia kwamba mitambo imegoma.

Kiini cha tatizo ni mazoea ya ofisi. Tangu ukoloni tumegawa kazi: Kiswahili cha kusema, Kiingereza cha kuandika. Mwaka 1974 Mzee Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumiwe Bungeni, na wabunge wakakisema. Miswada ikaendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na ndivyo ilivyo hadi leo. Mtandao umeurithi mgawanyo huo, ila sasa hakuna karani nyuma ya dirisha wa kuulizwa, "Hapa wanataka nini?" Nafasi ya karani imechukuliwa na kijana wa saiba, ambaye hulipwa kwa kutafsiri na kubaki na siri za watu.

Vijijini nafasi hiyo huchukuliwa na mwalimu. Wasomaji wa ukurasa huu wanaijua Jumamosi ya wazazi kubisha hodi, simu mkononi. Wanafunzi wa chuo nao, wakirudi likizoni, huwa makarani wa kijiji kizima.

Kutafsiri huduma 5,000 kwa mkupuo hakuwezekani, na kuachia mashine peke yake kazi hiyo ni kualika vichekesho. Lakini fomu za cheti cha kuzaliwa, cha kifo, kitambulisho, pasipoti na leseni ya udereva zinaweza kutafsiriwa na jopo dogo la wanaisimu na makarani wazoefu, kisha zikajaribiwa kwa watu kama mama yule kabla ya kutolewa. Vyuo vyetu vinafuzisha wataalamu wa Kiswahili kila mwaka, na wengi hawana kazi. Julai 7 ijayo, Siku ya Kiswahili Duniani, maofisa watapanda jukwaani kama ilivyo desturi. Waje na fomu ya kwanza.