Ndoa si Ngazi ya Kupandia Ulaya



Juma hili napenda tutafakari jambo linalonong'onwa katika familia nyingi za Tarime na Serengeti, kuanzia Sirari hadi Mugumu, lakini ambalo hakuna anayelitaja hadharani. Vijana wetu kadhaa wako Ulaya: wengine wanasoma, wengine wanafanya kazi, na wengine walikwenda kulea watoto wa familia za huko. Wote wanatamani kibali cha kuishi huko kwa muda mrefu. Ushauri wanaoupata kutoka kwa ndugu, marafiki na madalali ni mmoja: "Tafuta mtu wa huko mfunge ndoa, upate karatasi, halafu mtaachana." Ushauri huo hutolewa kwa tabasamu, kana kwamba ni werevu.

Nasema wazi kwamba si werevu. Ni uongo mbele ya sheria, ni dhuluma kwa watu walio hai, na ni dharau kwa Sakramenti. Yeyote atakayefika ofisi ya parokia kuomba barua ya kuthibitisha kwamba yu huru kufunga ndoa, hali nia yake ni karatasi tu, asitegemee sahihi ya paroko.

Wanaoitetea njia hiyo husema kwamba hakuna nyingine. Si kweli. Tarehe 25 Novemba 2003, Baraza la Umoja wa Ulaya lilipitisha Agizo namba 109 la mwaka huo, linalohusu wageni wakazi wa muda mrefu. Kwa mujibu wa agizo hilo, mgeni kutoka nchi isiyo mwanachama, akiisha kukaa kihalali miaka 5 mfululizo katika nchi moja ya Umoja huo, aweza kuomba hadhi ya mkazi wa muda mrefu. Atatakiwa kuonyesha kwamba ana kipato cha uhakika kinachomtosha yeye na wanaomtegemea bila kuishi kwa misaada ya serikali, na kwamba ana bima ya afya. Nchi husika yaweza pia kumdai ajue lugha yake: Ujerumani hudai Kijerumani cha ngazi ya B1, na Italia Kiitaliano cha ngazi ya A2. Mamlaka hupaswa kumjibu ndani ya miezi 6. Akikubaliwa, analindwa asifukuzwe ovyo, na katika kazi, elimu na mafao mengi anawekwa sawa na raia. Denmark na Ireland hazimo katika utaratibu huo, na Uingereza ina sheria zake yenyewe.

Tena liko jambo ambalo madalali hawalisemi. Hadhi hii haimnyang'anyi mtu uraia wake. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Anayejitwalia uraia wa kigeni kwa hiari yake hupoteza ule wa Tanzania. Mkazi wa muda mrefu hubaki Mtanzania, na pasipoti yake hubaki ileile. Kwa hiyo ninyi wazazi mnaomhimiza mtoto "apate uraia upesi", fikirini kwanza mnamhimiza aache nini.

Sitasema kwamba sheria hiyo ni ya haki katika kila kipengele. Miaka ambayo kijana wetu aliishi huko kama mwanafunzi huhesabiwa nusu tu. Binti aliyepokewa na familia ya huko ili alee watoto wao huku akijifunza lugha, muda wake huo hauhesabiwi kabisa. Amewalisha watoto wao, amewavusha barabara kwenda shule, na mwaka mzima wa jasho lake unaandikwa sifuri. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inayafundisha mataifa yenye neema zaidi kwamba yana wajibu wa kumpokea mgeni kadiri yawezavyo. Ulaya, ambayo ndiyo iliyotuletea Katekisimu, inahitaji kuisoma tena. Lakini namba hiyohiyo inamdai mgeni naye aziheshimu sheria za nchi iliyompokea. Ugumu wa sheria haujawahi kuugeuza uongo ukawa haki.

Wapo wanaonijibu kwa hoja ya mila, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote. Husema: "Padre, kwetu Wakurya ndoa haikuwa kamwe habari ya mapenzi ya watu wawili tu. Mbona iko nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke ili nyumba ipate watoto? Kama ndoa yaweza kufungwa kwa kusudi la kupata warithi, kwa nini isifungwe kwa kusudi la kupata kibali?"

Nawajibu hivi. Kanisa haliikubali nyumba ntobhu kuwa ndoa, na sababu mmefundishwa. Hata hivyo, kwa haki yake, nyumba ntobhu haifichwi. Ng'ombe huhesabiwa mchana, majirani wakiona. Nyumba inajengwa, jiko linawashwa, watoto wanazaliwa na kuhesabiwa kuwa wa mji ule. Hakuna anayedanganywa juu ya jambo lililofanyika. Ndoa ya karatasi ni kinyume chake kabisa: imo katika daftari la serikali, lakini haimo katika nyumba yoyote. Ipelekeni mbele ya wazee wa iritongo, waulize maswali mawili tu, mke analala wapi na mume anakula wapi, nayo itaanguka papo hapo. Basi tusiwasingizie mababu.

Na msidhani kwamba Wazungu hawaujui mchezo huu. Tarehe 4 Desemba 1997, Baraza la Umoja wa Ulaya lilitoa azimio dhidi ya ndoa za namba hiyo, likataja dalili zake: wenzi hawakai pamoja, hawajawahi kuonana kabla ya ndoa, hawana lugha wanayoelewana, wanapotofautiana katika kutaja jina, tarehe ya kuzaliwa au kazi ya mwenzao, na kwamba fedha zimetolewa ili ndoa ifungwe. Hapo azimio likaongeza neno linalotuhusu sisi: isipokuwa fedha hizo ni mahari, kwa watu wa nchi ambako kutoa mahari ni desturi. Tazameni! Waandishi wa sheria walioko Brussels walitambua tofauti kati ya mahari na bei ya kununua sahihi. Sisi tunaotoa ng'ombe hao zizini mwetu ndio tujifanye hatuioni tofauti hiyo?

Adhabu nazo zipo. Ufaransa, anayefunga ndoa kwa lengo la kupata kibali tu aweza kuhukumiwa kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya yuro 15,000. Ujerumani, anayetoa maelezo ya uongo ili apate kibali aweza kufungwa hadi miaka 3. Na hadhi ya mkazi wa muda mrefu iliyopatikana kwa udanganyifu huondolewa udanganyifu huo ukigunduliwa, hata kama mwenyewe alikwisha kujiona yu salama.

Lakini mimi ni paroko, si wakili, na hofu ya jela siyo sababu yangu ya kwanza. Kanuni ya 1101 ya Sheria ya Kanisa yafundisha kwamba mtu anayetamka ridhaa kwa mdomo huku utashi wake ukiikataa ndoa yenyewe, hafungi ndoa. Maneno yametamkwa, pete zimevishwa, mashahidi wametia sahihi, na hakuna kilichotokea isipokuwa uongo uliosemwa mbele ya altare.

Tena uongo huo una watu wanaoulipia. Wa kwanza ni yule mwenzi wa Ulaya, ambaye mara nyingine hakuambiwa kwamba ni mchezo. Yeye alipenda kweli, na siku kibali kinapotoka anaachwa na nyumba tupu. Wa pili ni mke aliyebaki huku kwetu, aliyetolewa ng'ombe na kufunga ndoa kanisani. Anaombwa akubali talaka "ya karatasi tu" ili mumewe aonekane hajaoa. Anaambiwa avumilie miaka michache. Mwaka wa kwanza simu zinakuja, wa pili zinapungua, na mama huyo hajui tena ajiite mke, mjane au mtalikiwa. Wa tatu ni watoto, wanaofundishwa jibu la kumpa mgeni akiuliza baba yao yuko wapi.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha wageni wawili. Abrahamu, alipoingia Misri wakati wa njaa, aliogopa, akasema kwamba Sara ni dada yake. Uongo huo juu ya ndoa ulimtia mkewe mikononi mwa mtu mwingine, ukaleta mapigo katika nyumba iliyowapokea. Ruthu Mmoabu naye alikuwa mgeni na maskini. Aliokota masuke shambani hadharani, na Boazi alipotaka kumwoa alikwenda mpaka lango la mji, akawaketisha wazee kumi, neno likasemwa wazi. Kutoka nyumba hiyo alizaliwa babu yake Daudi. Kijana wetu achague atafuata mfano upi.

Basi nawaomba mambo matatu.

Ninyi vijana mlioko huko, jifunzeni lugha mapema. Wamisionari wa Maryknoll walifika Musoma mwaka 1946, na baadaye wengi wao walikaa darasani pale Makoko wakijifunza Kiswahili kabla ya kutumwa parokiani. Tuliwataka watuelewe, nasi tusinung'unike tukidaiwa vivyo hivyo. Tunzeni mikataba ya kazi na stakabadhi za malipo, na kibali chenu kisipitwe na tarehe hata siku moja, kwa kuwa miaka 5 lazima iwe mfululizo.

Ninyi wazazi na ndugu, acheni kumwita mjinga kijana ambaye miaka mitatu imepita na bado anasubiri. Na akija nyumbani kwa msiba, msimshikilie mwaka mzima kwa ajili ya kesi ya shamba: mkazi wa muda mrefu akikaa nje ya nchi za Umoja huo miezi 12 mfululizo, hupoteza hadhi yake, isipokuwa nchi iliyompa imeweka masharti nafuu zaidi.

Ninyi mnaompenda kweli mtu wa taifa lingine, msiogope maneno haya. Njoni, leteni cheti cha ubatizo, fuateni mafundisho ya ndoa, na majina yenu yatatangazwa kanisani kama ya wengine wote. Sahihi yangu mtaipata kwa furaha.

Mungu awabariki, na Bikira Maria awasindikize wote walio safarini.

Paroko wenu.