UCHANGANUZI: Vituo vya mubashara ni tele, mtazamaji wa Sironga atavipataje?

ZAMANI mkazi wa Sironga, Kaunti ya Nyamira, aliyetaka habari kwa Ekegusii alizungusha kitufe cha redio taratibu hadi akasikia sauti ya kwao. Kila kituo kilikuwa na masafa yake. Mradi mawimbi yalifika, kidogo kilipatikana kwa urahisi sawa na kikubwa.

Leo YouTube, Facebook na TikTok zimempa kila mwenye simu na data nafasi ya kuwa mtangazaji. Mazishi, harambee, ibada na mikutano ya siasa hupeperushwa papo hapo, na jamaa walio Nairobi au Minnesota, Marekani, wakafuatilia kana kwamba wamo uani.

Hata hivyo, kikwazo hakijaondoka, kimehama tu. Awali ugumu ulikuwa kurusha matangazo. Sasa ugumu ni kuonekana.

Mitambo ya mitandao hiyo hupendekeza vituo kwa kuangalia aliyotazama mtu hapo awali na yanayowavutia wengi. Mwenye watazamaji elfu huongezewa, mwenye kumi huzama chini ya orodha. Kipindi cha Ekegusii kilichopewa kichwa cha “Mubashara” pekee, bila lugha wala mahali, hakiupi mtambo lolote la kushika.

Masharti nayo huongeza uzito. YouTube hudai wafuasi wasiopungua 50 kabla ya mtu kurusha mubashara kwa simu. Anayeanza huhitaji wafuasi ili arushe, na huhitaji kurusha ili apate wafuasi.

Ndiyo maana vituo vingi vya mashinani hujulikana kwa njia ya kale: mtu kumwambia mwenzake, au kiungo kutumwa katika kundi la WhatsApp la ukoo. Asiye kundini hukosa.

Si jambo dogo. Sensa ya 2019 ilihesabu Abagusii wapatao milioni 2.7. Mkutano wa basari au mgogoro wa soko kijijini ni nadra kuingia katika taarifa za runinga za kitaifa. Kituo kidogo kikikosa kuonekana, habari hiyo hufa.

Uzito wa suala hili ulidhihirika serikali ilipozima runinga kubwa Januari 30, 2018, siku Raila Odinga alipojiapisha, na tena Juni 25, 2025, wakati wa maandamano. Mara zote mbili watazamaji walikimbilia mtandaoni, na wenye majina makubwa ndio waliotafutwa kwanza.

Matukio hayo yanafunza pia kwamba si busara kuikabidhi serikali kazi ya kupanga orodha ya vituo. Mkono unaoweza kuzima mtambo hautashindwa kusukuma jina hadi mwisho wa orodha.

Wala haifai kusukuma mbele kila kituo kwa sababu tu ni kidogo. Kenya haijasahau lawama zilizoelekezewa baadhi ya vituo vya lugha za mama kuhusu uchochezi baada ya uchaguzi wa Desemba 2007.

Jukumu la kwanza basi ni la kampuni zenyewe. Zinaweza kumruhusu mtazamaji kuchagua lugha na kaunti, kutenga sehemu ya ukurasa wa kwanza kwa vituo vinavyochipuka, na kueleza wazi kwa nini kituo fulani kimependekezwa.

Mfano upo. Katika Twitch, mtandao uliojengwa juu ya michezo ya kompyuta, anayemaliza kipindi anaweza kuwahamishia watazamaji wake wote kwa mwenzake aliye hewani. Mkubwa humbeba mdogo, na mtambo hauamui peke yake.

Wenye vituo nao wana lao la kufanya. Kichwa kitaje lugha, mahali na jambo lenyewe, ratiba ijulikane, na kinachotangaza asubuhi kikitaje kinachotangaza jioni. Vikishindana kimyakimya, vyote vitabaki gizani.

Vita vya masafa vilipiganwa mahakamani na bungeni, na kila mwananchi aliviona. Vita vya orodha hupiganwa ndani ya mitambo iliyo mbali na Nyamira. Mtazamaji wa Sironga ana haki ya kujua anayemchagulia cha kutazama, kwani kizuri kisichoonekana hakijiuzi.