Pesa za Epulu Tusizigawane

Ijumaa ijayo darasa letu litapiga kura kuhusu sanduku. Ni sanduku la bati lenye kufuli mbili, nalo hukaa chini ya kitanda cha mweka hazina wetu, mtaa wa Mudzi-Pela, hapa Bunia. Ndani yake mna franka 2,140,000. Tulizikusanya kwa majuma arobaini, franka 2,000 kila mtu kila juma, ili twende Epulu mwezi wa Januari. Tuko 31, kwa hiyo mwenye kupenda hesabu ataona kwamba kuna pengo. Pengo hilo ni madeni, na wadeni wanajijua.

Januari imepita na hatukwenda. Sasa wenzangu wengi wanataka tugawane. Mimi nitapiga kura ya hapana, na kwa kuwa sipendi kuitwa mkaidi, naeleza hoja zangu hapa, mbele ya wenzangu na walimu wetu.

Nianze na swali ambalo mama yangu aliniuliza siku ya kwanza: kwa nini Epulu? Kwa sababu ya jina. Redio inayosikika katika nyumba zetu tangu 2002 inaitwa Okapi. Neno lenyewe limetoka katika lugha za watu wa msitu wetu wa Ituri. Wanasayansi wa Ulaya walimwandika mnyama huyu mwaka 1901 na kujivunia kwamba wamemgundua, wakati Wambuti na Walese walikuwa wakimjua, wakimwinda na kumwita kwa jina lake tangu enzi za mababu. Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992, ikaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Sehemu kubwa ya hifadhi hiyo iko katika jimbo letu, wilaya ya Mambasa. Lakini darasani mwetu, kati ya watu 31 wanaosomea lugha, ni wawili tu waliowahi kufika. Sisi wengine tunalo neno tu.

Basi mwezi wa Machi tulifungua daftari la safari. Sijapata kuona darasa letu likiwa na furaha namna ile. Tulibishana juma zima kuhusu chakula: chikwange hudumu siku nyingi njiani, lakini wako wenzetu wanaosema mtu asiyekula bugali hajala. Tulibishana nani atakaa dirishani. Mmoja alipewa kazi ya kukusanya salamu za Kilese, mwingine za Kimbuti kadiri atakavyozipata kwa wazee waliohamia mjini, ili tusifike kama watu wasio na mdomo. Wavulana wawili ambao hawakusalimiana tangu mwaka wa kwanza walijikuta katika kamati moja ya maji ya kunywa. Leo ni marafiki. Safari ambayo haikufanyika ndiyo iliyowapatanisha.

Mahangaiko nayo yalikuwepo. Pesa tunakusanya kwa franka, lakini mwenye gari anataka dola, na kila Jumatatu mweka hazina alipita kwa wabadilishaji wa fedha akirudi na uso tofauti. Barua za ruhusa zilikuwa nyingi, maana tangu Mei 2021 jimbo letu linaongozwa na wanajeshi, na huwezi kuwapakia vijana 31 garini ukaondoka tu. Barabara ya Komanda hadi Mambasa wakati wa mvua kila mtu anaijua: lori linaweza kuzama matopeni likalala hapo siku kadhaa. Ndiyo maana tulichagua Januari, kiangazi. Mimi niliyekuwa nikiandika daftari nilianza kuota ndoto za matairi. Mara mbili niliamka usiku kuhesabu tena bidoni za maji.

Wakati huohuo yaya yangu, anayeishi Liège na mume wake na watoto wawili, alikuwa akipanga safari yake. Alitaka kuwapeleka watoto Disneyland Paris, bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka 1992, mwaka uleule wa Hifadhi ya Okapi. Alianza mwaka mzima kabla. Alikuwa akinitumia sauti kila Jumapili: bei ya tiketi hubadilika kulingana na tarehe, likizo ya shule haitaki kulingana na likizo ya kazi ya shemeji, na hoteli za karibu ni ghali. Zaidi ya yote, mtoto mdogo alitaka kupanda treni ya mlimani inayokimbia kama imeingiwa na shetani, na huko hawampandishi mtoto asiyefika sentimita 102. Basi kila mwisho wa mwezi alimsimamisha mtoto kwenye mlango wa jikoni na kuchora mstari kwa penseli. Mtoto alikuwa akila mboga bila kulazimishwa, ili arefuke.

Walikwenda. Nilimwuliza ilikuwaje. Alinijibu: “Siku zenyewe zilipita mbio, na siku moja ilinyesha mvua toka asubuhi. Lakini ule mwaka wa mistari mlangoni, huo sitausahau.” Nilicheka, kisha nikafikiri. Yaya alikuwa na wasiwasi wa mvua na foleni, nasi tulikuwa na wasiwasi wa matope na risasi. Mizigo hii hailingani, na sitaki mtu aseme nimeilinganisha. Lakini furaha ilikuwa ya aina moja. Mtu anapopanga safari ya mbali, anapata mwaka mzima wa kuishi na kitu kizuri mbele yake, na hata asipofika, mwaka huo amekwisha kuuishi.

Huku kwetu watu husema mambo ya kupanga mwaka kabla ni ya wenye amani. Mama yangu anasema kesho ina mwenyewe. Desemba maneno yao yalionekana kuwa kweli. Siku tisa kabla ya kuondoka zilikuja habari mbaya kutoka barabarani, upande wa Mambasa. Siku ya pili yake dereva alipiga simu kusema gari lake haliendi. Hakuna aliyebishana. Tulikaa chini ya mti wetu, mmoja akafunga daftari, tukaondoka mmoja mmoja.

Sisi ni wanafunzi wa lugha, basi niseme jambo langu kwa njia tunayoijua. Nimelisoma upya daftari lile. Machi tuliandika “tutalala Mambasa”, “tutamwona okapi”. Oktoba tukaandika “barabara ikikauka”, “tukiruhusiwa”. Desemba, kwa mwandiko wangu mwenyewe: “tungelala Mambasa usiku mmoja tu”. Hakuna aliyetuamuru kubadili viambishi, hali ya nchi ndiyo iliyotubadilishia. Ila kuna kiambishi kimoja ambacho hakimo bado katika daftari. Walimu wetu walitufundisha kwamba -nge- huacha mlango wazi, jambo bado lawezekana, na -ngali- hufunga, jambo limekwisha kupita. Sokoni watu hawaitunzi tofauti hiyo, na wanaelewana vizuri tu. Lakini tukigawana pesa Ijumaa, tutaondoka na sentensi moja ya kusimulia maisha yetu yote: tungalikwenda Epulu. Mji huu umejaa sentensi za namna hiyo. Tungalijenga, tungalisoma, tungalioana. Nyingine tuliandikiwa na vita. Hii tutakuwa tumeiandika wenyewe, kwa kura.

Nakubali kwamba hoja za upande wa pili ni nzito. Nzito kuliko zote aliitoa mwenzetu ambaye familia yake inaishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani pembezoni mwa mji. Alisema: “Ninyi mnapanga kwenda msituni kutembea. Sisi tulitoka huko tukikimbia. Franka zangu ni dawa ya mdogo wangu.” Sina jibu la kumshinda, wala sitafuti. Ana haki ya franka zake leo, si Ijumaa. Kuna na hoja ya pili: hata tukifika, huenda tusimwone okapi. Mwezi wa Juni 2012 kituo cha Epulu kilishambuliwa, watu waliuawa, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale waliangamizwa. Okapi wa porini ni mwoga, hujificha, hana saa ya kujitokeza mbele ya wageni kama maonyesho ya bustani ya yaya. Ni kweli. Lakini tutaiona mito, tutausikia msitu, tutasalimiana na watu kwa lugha zao na kuona kama tumezitamka sawasawa. Kwa kitivo cha lugha hiyo si safari ya bure.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kwanza, kila mwenye shida atoe fungu lake wakati wowote, bila kueleza sababu mbele ya darasa, maana si vizuri mtu aombe dawa kama mshitakiwa. Pili, pesa zitakazobaki zisigawanywe. Likelemba tunaijua sote, leo yangu kesho yako. Sanduku hili ni kitu kingine, hakuna zamu ya kulila, na huo ndio uzuri wake. Tatu, hakuna kuondoka mpaka barabara iwe imetulia na waliotoka huko majuzi wametuambia hivyo. Safari ikihitaji ushujaa, isifanyike. Nne, tukimaliza masomo kabla ya njia kufunguka, sanduku na daftari viende kwa darasa linalotufuata, pamoja na orodha ya salamu za Kilese. Wataongeza franka zao na mabishano yao kuhusu chikwange.

Najua kuna watakaosema nawaomba wenzangu watunze ndoto wakati wana njaa. Siombi hivyo. Mwenye njaa achukue chake. Nawaomba wale ambao, tuseme ukweli, watazimaliza pesa hizo katika juma moja la vocha za simu na biya, kisha hawatakumbuka zilikwenda wapi.

Juzi nilipita Mudzi-Pela. Nilimkuta mweka hazina akifua, nikampa franka zangu 2,000 za juma hili. Alinitazama kidogo, akauliza, “Hata kabla ya kura?” Nikamwambia hata kabla ya kura. Akafuta mikono, akaingia ndani, akaleta daftari, akaandika.