Injini Kwanza, Mtungi Baadaye

Askari dereva, na makanika wa kikosi cha magari, hawana haja ya kufundishwa kwamba kila injini ina mwisho wa nguvu zake. Wamekwisha kuona lori lililojazwa kupita kiasi likipanda mlima. Wamekwisha kusikia beringi zikigonga, na wamekwisha kusimama kando ya barabara usiku wakingoja kuvutwa. Kwa hiyo twapenda leo kuzungumza nao, pamoja na ndugu zao polisi wa usalama barabarani, juu ya jambo ambalo vijana wengi wapendao magari hulitamani bila ya kulifahamu: injini ya gari la barabarani iliyoongezwa nguvu na kufungiwa mtungi wa gesi ya naitrasi oksaidi.

Gesi hiyo si ngeni duniani. Mwingereza Joseph Priestley aliipata mwaka 1772, na tangu mwaka 1844 waganga wa meno huko Marekani walianza kuitumia ili mgonjwa asisikie maumivu. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliitia katika injini za ndege zao za vita, kama vile Messerschmitt Bf 109, kwa mtambo ulioitwa GM-1. Hapa pana jambo linalomfaa askari kulitazama kwa makini. Mtambo huo ulikusudiwa kutumiwa juu sana angani, ambako hewa ni nyepesi na injini imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu zake. Gesi ilirudisha kilichopotea. Kijana wa leo hutaka gesi hiyo hiyo iongeze nguvu juu ya zile zote ambazo injini inazo tayari, hapa chini penye hewa nzito. Hayo ni mambo mawili mbalimbali kabisa, na anayeyachanganya hulipa kwa pistoni zake.

Petroli haiwaki bila ya oksijeni. Katika hewa tuvutayo, oksijeni ni kama sehemu 23 katika mia kwa uzito. Katika naitrasi oksaidi ni sehemu 36. Ndani ya silinda, joto likipita nyuzi 300 hivi za sentigredi, gesi huvunjika na kuiacha oksijeni yake huru. Tena hutoka mtungini ikiwa majimaji yachemkayo kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, ikaipoza hewa inayoingia na kuifanya iwe nzito zaidi. Wengi husema kwamba gesi hii huwaka kama petroli. Sivyo. Yenyewe haiwaki, bali huipa petroli nafasi ya kuwaka zaidi. Kwa hiyo kila gesi inapoongezwa, petroli hapana budi iongezwe kwa kadiri yake. Pampu ikishindwa, au chujio likiziba, moto ndani ya silinda hupita kiasi, na pistoni huweza kuyeyuka kwa muda wa sekunde chache tu.

Tuchukue mfano wa injini inayojulikana kuliko nyingine zote katika kazi hii, yaani ile V8 ndogo ya Chevrolet. Ilipotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1955 ilikuwa na inchi 265 za ujazo, na ile ya kawaida ilitoa nguvu za farasi 162. Mwaka 1967 ikaja ile ya inchi 350, ambayo ni lita 5.7, nayo ndiyo iliyopendwa zaidi na mafundi wa Kimarekani. Pistoni zake nyingi za kiwandani zilikuwa za kumiminwa katika kalibu. Pistoni ya namna hiyo hufanya kazi yake vyema kwa miaka mingi, lakini haipendi kupigwa kwa ghafla. Watengenezaji wengi wa vifaa vya gesi hushauri kwamba mwenye injini ya kiwandani ya aina hii asiongeze zaidi ya farasi 100, au 150 hivi. Atakaye zaidi, na abadilishe vya ndani kwanza: pistoni za kufuliwa, konrodi za kufuliwa pamoja na bolti zilizo bora, na krankshafti ya chuma cha kufuliwa iliyoshikwa na bolti nne katika kila beringi kuu ya kati. Gasketi ya kichwa cha injini nayo iwe ya kuhimili, na bolti zake zikazwe kwa kipimo, si kwa kukisia.

Lipo jambo dogo ambalo fundi mwenye haraka hulisahau, nalo ni mwanya wa ringi. Ringi ikipata moto hutanuka. Katika injini hiyo yenye silinda ya inchi 4, mwanya wa ringi ya juu kwa mwendo wa kawaida ni kama milimita 0.40, kwa gesi ya barabarani hufikishwa 0.50, na kwa mashindano huzidi hapo. Ukiuacha mdogo, ncha za ringi hugusana, ringi hukwama, na kichwa cha pistoni hung'oka. Gharama ya kuusugua mwanya huo ni tupa na subira ya mchana mmoja.

Cheche nayo hurudishwa nyuma, kwa sababu mchanganyiko wenye gesi huwaka upesi. Mafundi wengi hurudisha kama digrii 2 kwa kila farasi 50 walioongezwa, wakatumia plagi za baridi zaidi na petroli ya okteni ya juu. Wala gesi haifunguliwi injini ikiwa katika mzunguko mdogo. Swichi huwekwa ili ifunguke pale tu dereva anapokanyaga mafuta mpaka mwisho, na mzunguko umekwisha pita 2,500 au 3,000 kwa dakika. Na baada ya taabu yote hiyo, mtungi wa pauni 10 wenye kuongeza farasi 100 huisha kwa dakika mbili hivi. Msomaji apime mwenyewe.

Sasa tugeuke kwa polisi. Katika joto la nyuzi 21, mtungi huo una mkandamizo wa pauni 760 hivi kwa kila inchi mraba. Joto likipita nyuzi 36.4, ndani hamna tena majimaji, ni gesi tupu, na mkandamizo umepita 1,000. Buti la gari lililoachwa juani hufika huko bila ya shida. Mtungi halali una kizibo cha usalama kinachopasuka kabla ya mtungi wenyewe. Ule wa kubahatisha huenda usiwe nacho. Askari afikaye penye ajali na kuona mtungi, ambao mara nyingi hupakwa rangi ya buluu, na autazame kama adui aliyelala: moto ulio karibu huchochewa nao, majimaji yake huunguza ngozi kwa ubaridi, na ukivuja mahali palipofungwa humnyima mtu hewa. Asiuguse kabla haujapoa.

Hatusemi vijana wanyimwe ufundi huu. Huko Marekani mashindano ya barabarani yaliua watu, hata ikaundwa NHRA mwaka 1951 ili kuyahamishia viwanjani. Mashindano yake rasmi ya kwanza yalifanyika Pomona, California, mwaka 1953, na polisi wa mji huo ndio waliowasaidia vijana kupata kiwanja. Waliona kwamba kumpa kijana robo maili iliyonyooka, yenye watazamaji nyuma ya kizuizi, ni rahisi kuliko kumkimbiza usiku mitaani. Twaona walikuwa na haki.

Bali gari liwe la kiwanjani au la barabarani, makanika asilitoe gereji kabla ya kuzitazama breki. Gari liendalo kilomita 140 kwa saa lina nguvu ya mwendo karibu maradufu ya lile liendalo 100, na nguvu yote hiyo humezwa na breki. Tumewaona wenye kununua pistoni za kufuliwa kwa fedha nyingi, huku magurudumu ya nyuma yakiwa bado na ngoma zile zile zilizotoka nazo kiwandani.