Tairi na Masika
Mtu akiazimia kununua tairi, hususan huku Tanga ambako asubuhi twapita lami iliyochemka kwa jua na alasiri, masika yakishashamiri, twapanda Lushoto kutoka Mombo, asighurike na weusi unaong'aa, bali ainame asome tarakimu nne za ubavuni, maana 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mpira uliolala ghalani miaka mingi hukakamaa ingawa haujagusa barabara. Mimi, kwa tamaa ya bei rahisi, niliwahi kununua tairi za namna hiyo, na mvua ya kwanza ikaniteremsha mtaroni taratibu kama jahazi lililokatika nanga. Tairi za kashata, yaani zenye meno makubwa, hung'ang'ania udongo mwekundu wa Usambara, lakini juu ya lami hunguruma na kulika upesi. Kwa msafiri wa mjini, mifereji mipana yenye kutema maji yatosha.