Usikimbilie Kuyeyusha Saa ya Babu

Katavi wanaijua dhahabu. Wachimbaji wadogo wa kuzunguka Mpanda huisoma kwa jicho kwenye karai, kwa hiyo mtu akishuka kutoka Mwese na saa kuukuu ya marehemu mfukoni, hakosi wa kumpa hukumu papo hapo. Lakini saa haipimwi kama mchanga, na mengi atakayoambiwa si kweli.

"Sumaku haiivuti, basi ni dhahabu." Hata shaba haivutwi, na makasha mengi ya bei nafuu ni shaba iliyochovywa dhahabu. Kibaya zaidi, kipimo hicho kinaiumiza saa: mna springi nyembamba kama unywele ambayo ikishika usumaku mizunguko yake hunata, na saa huanza kukimbia.

"Imeandikwa dhahabu." Soma maandishi yote. Ukikuta "20 microns", hiyo ni ngozi ya dhahabu yenye unene wa milimita 0.02 tu. Kasha la dhahabu kwa kawaida hugongwa 750 (karati 18), 585 (karati 14) au 375 (karati 9). Saa za Uswisi za kabla ya 1995 zina kichwa cha mwanamke kwa karati 18 na kindi kwa karati 14. Nanga kwenye kasha la Kiingereza ni alama ya Birmingham. Mihuri hii mara nyingi imo ndani ya kifuniko cha nyuma. Mwachie fundi saa akifungue, maana kisu cha jikoni huacha makovu ya kudumu. Kabla ya hapo, shika lenzi utazame pembe zinazobeba mkanda. Mkono wa shati ukishasugua hapo miaka mingi, dhahabu ya kuchovywa hutoboka, na madini ya chini yakachungulia. Mhuri nao hughushiwa, hivyo neno la mwisho ni la sonara, kwa jiwe lake na tindikali.

"Ina vito 17, huo ni utajiri." Ni rubi za kutengenezwa, kwa njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902. Kazi ya rubi hizo ni kupunguza msuguano. Thamani yake kama vito ni ndogo sana.

"Haitembei, iyeyushwe." Hili linaniuma. Mara nyingi ni mafuta yaliyokauka tu. Fundi akiifumua na kuisafisha, inaamka. Tena ukiiweka nzima kwenye mizani unapima chuma na shaba za mashine pia. Dhahabu yenyewe ni sehemu tu ya uzito huo. Thamani ya saa inaweza kuzidi kwa mbali bei ya dhahabu yake. Zile alizotunuku Sultani Qaboos wa Oman, zenye nembo ya jambia usoni, hupiganiwa minadani kuliko saa za aina ileile zisizo na nembo.

"Basi isuguliwe, na uso upakwe rangi mpya, ipate bei." Msasa hula mihuri na kingo za kasha, na rangi mpya hufuta maandishi ya kiwandani ambayo mnunuzi mjuzi huyatafuta kwanza. Uso uliogeuka manjano kidogo uachwe hivyo hivyo. Kitambaa laini, kikavu, kinatosha.