Zakayo Aliposhuka Mkuyuni

Kila mtoto aliyepita Shule ya Jumapili anamjua Zakayo. Anajua alikuwa mfupi, alipanda mkuyu pale Yeriko, na Yesu alimwita ashuke. Wengi wetu hadithi tunaikatia hapo. Luka anaendelea, na anachoandika ni hesabu: nusu ya mali iende kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Ili kuahidi hivyo, mtoza ushuru yule lazima alikuwa akiwakumbuka watu wake na kiasi alichowatoza kila mmoja. Toba yake ilipita kwenye daftari.

Toleo hili tumelitoa kwa ajili ya neno moja: kurudisha. Tumezoea kuulizana kama mtu ameokoka, kama anafunga, kama anatoa zaka. Ni maswali mema. Lakini lipo jingine tunalolikwepa, na kwangu ndilo linaloonyesha kama imani imeingia nyumbani au imebaki kanisani: ulichomchukulia jirani yako kiko wapi leo?

Wazee wetu wa Uamsho waliuliza hivyo waziwazi. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Namirembe, Kampala, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu Gahini, mashariki mwa Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto wa Uamsho ulishika Gahini, ukaingia Kigezi, Buganda, Burundi na Kenya, na kwetu ukapitia huko magharibi, Kagera ya leo. Waganda wakawaita watu hao Balokole, waliookoka, nasi tukasema walokole. Siku hizi wapo wanaolitamka neno hilo kwa kejeli, nami huumia nikilisikia, maana najua lilikotoka. Watu wale walikuwa wakirudisha. Waliokuwa wameiba kwa waajiri walikwenda kukiri na kulipa, na madeni ya zamani yaliyokwisha kusahauliwa na wenyewe yakalipwa. Jirani asiyejali mahubiri hata kidogo alijua kuna jambo limetokea alipoona mali yake imerudi mlangoni.

Sisemi Uamsho haukuwa na kasoro. Mahali pengine kukiri hadharani kuligeuka mazoea, na walokole wakaanza kupimana kwa mavazi na nywele. Tena siwezi kuitaja Gahini nikaruka mwaka 1994. Katika nchi ileile, ambayo watu wake wengi mno walikuwa wamebatizwa, Wakristo waliwaua Wakristo wenzao, hata ndani ya makanisa ya Ntarama na Nyamata walikokimbilia. Baadaye zikaja gacaca, mahakama za wanajamii za kuhukumu makosa hayo, zilizofungwa Juni 2012. Mtu ambaye kosa lake lilikuwa kupora mali tu hakupewa kifungo; alitakiwa alipe. Mabati ya watu na ng'ombe wa watu vikadaiwa kwa hukumu, kwa sababu katika nyumba nyingi toba haikuvirudisha yenyewe.

Hapa kwetu dhuluma nyingi haina kelele. Chukueni lumbesa. Gunia la viazi linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kipande cha gunia jingine juu, na viazi vinaendelea kumiminwa. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100. Lumbesa huzidi, na mkulima hulipwa gunia moja. Mkulima anajua, mnunuzi anajua, mpakiaji naye anajua kwa mgongo wake. Huenda wote watatu wakakutana Jumapili katika ibada moja, na mnunuzi akashukuriwa kwa makofi kwa mchango wake wa ujenzi. Nabii Amosi aliwaona watu wa namna hiyo, waliokuwa wakihesabu saa za sabato ili warudi kwenye vipimo vyao vya hila. Amosi naye alikuwa mtunza mikuyu. Nimelifurahia sana hilo nilipolitambua: nabii aliyekemea vipimo na mtoza ushuru aliyerudisha wamekutana kwenye mti mmoja.

Lakini mali ni nyepesi. Jina la mtu ndilo zito kurudisha. Mwanakwaya amemsema mwenzake mbele ya watu sita, kisha dhamiri imemsuta, amemfuata faraghani, wamelia, wamekumbatiana. Vizuri. Ila wale sita bado wanalo lile neno, na kila mmoja ana nyumba yake ya kulipeleka. Kurudisha hapo ni kuwafuata sita wale mmoja mmoja na kusema, nilichowaambia kilikuwa uongo. Sijawahi kuona jambo linaloshinda hilo kwa ugumu katika maisha ya kanisa, nami namheshimu kuliko mhubiri yeyote mtu aliyewahi kulifanya.

Mchungaji mmoja aliyenisaidia kuandaa toleo hili aliniuliza kama haya si kurudi kwenye wokovu wa matendo. Nilimjibu kwa Zakayo yuleyule. Yesu alikwisha kusema atashinda nyumbani kwake kabla Zakayo hajatoa hata senti. Neema ilitangulia kuingia, ndipo mkoba ukafunguka. Kinachonitia hofu ni nyumba ambayo tunasema neema imeingia na mkoba haujafunguka miaka ishirini.

Nami sitaki kuyaandika haya nikiwa nimesimama pembeni. Miaka ya nyuma niliishi na binti aliyenisaidia kazi za nyumbani kwa mshahara wa shilingi 40,000 kwa mwezi. Ada za watoto ziliponibana nilimwambia avumilie, nitamlipa mwezi ujao. Ikafika miezi mitatu. Akaomba kwenda kwao kumwuguza mama yake, nikamruhusu, hakurudi, nami nikajiambia kwamba ameondoka mwenyewe. Mwaka jana, nikiwa na bahasha ya sadaka ya mavuno mkononi, nilikumbuka yale Yesu aliyosema kuhusu sadaka inayoachwa mbele ya madhabahu mpaka upatane kwanza na ndugu yako. Niliirudisha bahasha kwenye mkoba. Nilichukua ile 120,000, nikaongeza sehemu ya tano kama torati ya Walawi inavyoagiza, nikapanda basi.

Nilimkuta akipeta mahindi uani, mtoto mgongoni. Aliniamkia shikamoo kama zamani, akanipa kigoda. Nilieleza kilichonileta. Hakusema kitu. Alizihesabu noti zote mbele yangu, taratibu, mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Mama," akasema, "na nauli je? Siku ile nilikuja kwako kwa nauli yangu, ukasema utanirudishia."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeisahau kabisa.